Maji Niliyoyameza

Nilipokuwa mtoto kule Bura, macho yangu niliyaamini kuliko Biblia, na kwa hilo mpaka leo nina hasira na mtoto yule.

Asubuhi moja ya ukungu ng'ombe wetu alizaa ndama mfu. Watu wakajaa uani. Mimi, msichana wa miaka tisa, nikasema nimemwona jirani yetu Mama Wakesho alfajiri ile amesimama zizini, mikono ameitanua. Wiki hiyohiyo alikuwa amenichapa kwa kumwibia mapera. Hilo sikulisema.

Nyanya, mama yake baba, alinivuta jikoni akanipa kikombe cha maji. Kwetu kuna kutasa: unajaza maji mdomoni, unatulia, kisha unayatema pamoja na kinyongo chako.

"Kaa nayo mpaka yapate joto," akasema. "Uyateme. Halafu uniambie tena uliona nini."

Kutulia nani? Nje nilikuwa nangojwa na watu wazima, na sikuwa nimewahi kungojwa. Niliyameza, nikatoka, nikarudia maneno yaleyale kwa sauti.

Baba na wenzake walimwita Mama Wakesho mchawi, wakamfukuza siku hiyohiyo, yeye na watoto wake wawili, na nyumba yake wakaibomoa. Siku ya tatu ukungu ulirudi, na nikamwona tena zizini, mikono ameitanua. Nikasogea. Lilikuwa koti la mvua la baba, limeanikwa kwenye nguzo. Nikanyamaza. Uoga mtupu.

Siku hizi nafanya kazi Voi. Wenzangu ofisini hujifunza kutafakari kwenye simu; mimi kila asubuhi nakaa na maji mdomoni mpaka yapate joto. Inasaidia. Watoto siwafokei ovyo, na dharau ninayoiona usoni mwa mume wangu, mara nyingi nikitulia naikuta haipo.

Mwaka huu nilimfuata Mama Wakesho huko Miasenyi, anakochoma mahindi kando ya barabara. Nilimweleza yote, mapera na koti, kisha nikampa chupa ya maji. Alijaza mdomo, akaniangalia kwa muda mrefu, moshi wa makaa ukipita kati yetu. Nilingoja ateme. Akayameza.

"Nenda nyumbani kwako," akasema.

Nilirudi nimekasirika, kusema kweli. Njia nzima niliona chuki tupu katika uso ule. Asubuhi, maji yakiwa mdomoni, nikaukumbuka vizuri zaidi: ulikuwa umelowa machozi. Au ni moshi. Kwa macho yangu haya, siapi tena.