Kijiti cha Mlango wa Kushoto

Mume wangu alikuwa dereva wa pikapu kuukuu kwenye mashamba ya ngano ya serikali, chini ya mlima Hanang. Ufunguo wa pikapu ile ulifunga mlango mmoja tu, wa dereva. Mlango wa kushoto haukuwa na tundu la ufunguo. Ulifungwa kwa ndani, kwa kubonyeza kijiti cha chuma kilichochomoza chini ya kioo. Kikishazama, aliye nje atavuta mpaka achoke. Kwa hiyo mume wangu alijinyoosha kwanza kukibonyeza, kisha akashuka upande wake na kuzungusha ufunguo. Ilikuwa amri ya shamba: gari likisimama, lifungwe, maana vipuri vilikuwa adimu. Mkono wake ulizoea, ukawa haumuulizi.

Masika moja baba mkwe aliugua kifua, tukampeleka hospitali Katesh. Yeye alikaa mbele. Mimi nilikaa nyuma, kwenye bodi, nimepakata kibuyu cha maziwa. Nilikuwa bado mke mpya, na kwetu mke hamtazami baba mkwe usoni wala hamsemeshi, naye vivyo hivyo. Kabla hatujafika barabara kuu, gari lilinasa kwenye udongo mweusi. Mume wangu akafunga milango kama kawaida yake, akaenda kwa miguu kutafuta trekta.

Jua likawaka. Nikasikia mzee anagonga kioo.

"Maziwa," alisema, kama anayeongea na gari. "Koo limekauka."

Nikashuka, nikavuta mlango. Wapi. Mzee alikuwa mfugaji. Lango alilolijua ni la miiba, la kuburuta. Nikasogea nikasimama mbele ya kioo cha mlango wake, nikavunja mwiko.

"Shikamoo, baba. Hicho kijiti hapo begani kwako, kivute juu."

Nikamwonyesha kwa kidole. Alipoona uso wangu umekaribia vile, alijifunika shuka kichwani akageukia usukani. Nilirudia. Nilipiga kioo kwa kiganja. Hakugeuka. Alikuwa ananiheshimu.

Mume wangu alirudi na trekta. Dereva wa trekta akacheka akiwa juu kule: "Wewe bwana, mzee umemfungia kama mbuzi wa mnadani!" Mume wangu alifungua, akachukua kibuyu mikononi mwangu, akamnywesha baba yake. Maziwa yalimwagikia kidevuni. Kumeza hakuweza tena.

"Mwambie mkeo nilimsikia," mzee alisema.

Hakurudi kutoka Katesh.

Mume wangu naye ametangulia. Wajukuu wakitazamana huwa wananiuliza ni nani kati yao aliyefanana na yule babu mkubwa. Shuka lake naweza kuwaeleza, jekundu lenye mistari myeusi, limechanika pembeni. Uso sikuwahi kuuona sawasawa, hata siku ile.