Siku Mama Machozi Alipovaa Sare ya Muuguzi

Saa mbili kasorobo asubuhi, ukumbi wa chuo cha uuguzi. Mama Machozi anatembea kutoka dirishani hadi mlangoni, anarudi, anatembea tena. Sare ya muuguzi aliyoazimwa inambana kwapani. Anaivuta, inarudi palepale.

"Utadhani mimi ndiye bibi harusi," anasema, lakini hacheki.

Jina la Mama Machozi amepewa na wanafunzi. Kwa miaka sita, siku mbili kwa wiki, amewaigizia mama anayeambiwa kwamba mwanawe amefariki. Siku nyingine hufua mashuka ya hospitali. Mchezo una sharti moja: mtazamaji asiyeridhika na mwanafunzi anayeigiza muuguzi anapiga kofi kwa viganja vyake, mchezo unasimama, naye anaingia kuchukua nafasi yake.

"Wengi wanakariri tu," anasema. "'Pole mama, nakuelewa.' Mmoja alinibonyezabonyeza bega kama anachagua nyanya. Nikamwambia, mwanangu, hebu rudi ukakae."

Machozi yake si ya kuigiza tu. Miaka tisa iliyopita alifiwa na binti yake wa miaka minne wodini, na namna alivyoambiwa haijamtoka moyoni. Ndiyo maana hana subira na wanaobabaika.

Wiki iliyopita muuguzi mkuu wa wodi, mwanamke asiye na maneno mengi, alimtolea uvivu mbele ya darasa zima. "Dada, kulia umezoea. Wodini ni wagonjwa arobaini, muuguzi mmoja. Vaa sare wewe, mimi nitakuwa mama."

Hakuwa na pa kukimbilia. Akishindwa leo, atawatazamaje wanafunzi wote aliowarudisha vitini?

Mchezo unaanza. Wanafunzi waliolala kwenye mikeka kama wagonjwa wanamwita kila upande: dripu imeisha, maji, dawa. Muuguzi mkuu anaingia na chupa ya chai mkononi.

"Mwanangu ameamkaje?"

Mama Machozi anageuka huku na huku kwa wanaomwita. Anatazama faili.

"Mama, toa vitu vyako. Kitanda kinahitajika," anasema.

Kofi linalia, kisha la pili, la tatu. Yeye hasogei. Amejiziba mdomo kwa mkono.

"Ndivyo nilivyoambiwa mimi," anasema baadaye, ameketi ngazini na sare yake bado mwilini. "Neno kwa neno. Miaka tisa namchukia yule dada muuguzi aliyeniambia, kumbe hata mimi ninalo hilo neno kinywani. Inaniuma, we acha tu."

Dada huyo sasa yuko kliniki ya wajawazito, mtaa wa pili. Hupishana njiani, na tangu siku mtoto alipofariki hawajasemezana.

"Alhamisi nitampitia," anasema, na tayari amesimama. "Sijamsamehe, nisikudanganye. Ila nitamwambia, dada, twende ukumbini tukajaribu tena, wewe na mimi, mpaka mmoja wetu aweze kumwambia mama inavyostahili."