Neno Moja kwa Mpiga Litungu

Ukweli ni kwamba Mama Mdogo alikuwa anamwangalia mbuzi. Watu walioiona ile picha walisema hawajawahi kuona uso uliochoka kusubiri namna ile, na mmoja akaniuliza nilimfundisha vipi mama wa kijijini kuigiza hivyo. Sikumfundisha kitu. Nilimkalisha kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, nje kidogo ya mji wa Bunda, nikampa mihogo amenye, nikamwomba awe anatazama njia. Njiani alikuwepo mbuzi wa jirani, na mbuzi yule na mihogo ile walikuwa na kesi ya siku nyingi.

Mama Mdogo ni mdogo wake mama yangu. Filamu ilikuwa ya dakika kumi na nne, hadithi yangu ya kwanza baada ya miaka mingi ya kupiga video za harusi, kipaimara na mazishi hapa Musoma. Haikuwa na mambo mengi. Mama ana mtoto aliyeondoka. Anapika, anafagia, anamenya mihogo, anatazama njia. Mwishoni anaitazama njia kwa muda mrefu, hakuna anayetokea, na filamu inaishia hapo.

Nilijiambia kuwa ni hadithi ya mama yeyote. Nilikuwa najidanganya mchana kweupe. Mwanawe Mama Mdogo, ndugu yangu tuliyekula naye sahani moja, alikwenda machimbo ya dhahabu na mwaka wa kwanza alikuwa anapiga simu kila Jumapili. Baadaye namba yake ikawa haipatikani, na mpaka leo haipatikani. Huu ni mwaka wa sita. Upande wa wakwe zake Mama Mdogo, mtu akipotea na mwili usionekane, ndugu hukata kipande cha mgomba, wakakivika shuka, wakakizika, ili roho ya mtu itulie na waliobaki nao watulie. Wazee walikuja mara mbili kumwomba ruhusa. Mara ya pili aliwaambia kama wana haraka ya kuzika, wakamzike yule mbuzi.

Nilipomwomba aigize, alikubali kabla sijamaliza kueleza. Nilipaswa kuuliza kwa nini. Sikuuliza, maana niliogopa atabadili mawazo, na sura kama ile ningeipata wapi?

Kwenye kompyuta ndipo nilipoanza kupata shida. Uso wa mwisho unakaa sekunde arobaini, na bila muziki ulikuwa uso wa mama anayemwangalia mbuzi. Nikaweka kinanda nilichokipata mtandaoni. Akawa tajiri wa kwenye tamthilia anayemkumbuka mchumba. Nikaweka ngoma za haraka haraka, na hapo ungeapa kwamba kuna mtu anakuja na panga. Uso ni uleule, macho ni yaleyale, hata kisu kilikuwa kimesimama kwenye muhogo uleule. Nilicheka peke yangu chumbani. Kisha kicheko kikaniisha, kwa sababu niliona kwamba mimi, kwa kidole kimoja, ndiye ninayeamua huyu mama anasikia nini moyoni, na mwenyewe hajaulizwa.

Nikaona nitafute sauti ya kwetu. Mtu akanielekeza Buswahili, upande wa Butiama, kwa mzee mmoja mkulima wa pamba anayepiga litungu, ile ala ya nyuzi nane inayoegemezwa kifuani. Nilimkuta amefunga vifungo vya shati mpaka shingoni, kana kwamba alijua kuna kinasa sauti kinakuja. Nilianza kumweleza kuhusu hisia, urefu wa sekunde, mwanzo wa taratibu. Alinisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu.

"Huyo mtoto yupo?"

"Hayupo, mzee. Ndiyo maana mama anatazama njia."

Akainamisha kichwa. Akaniambia nivue kofia. Nilidhani ni heshima ya sanaa, nikavua. Alipiga dakika kama tano hivi, macho ameyafumba, uzi mzito ukirudi kila mara mahali pamoja kama mtu anayegonga mlango asiotegemea kufunguliwa. Nilirudi Musoma nikauweka wimbo ule chini ya uso wa Mama Mdogo, nikalia. Mbuzi alikuwa ametoweka kabisa. Nikajiona fundi.

Ilikuwa Alhamisi. Jumapili baada ya misa ya pili tulikuwa tunaionyesha filamu Bunda, kwenye ukumbi wa parokia. Chumba changu cha kazi kiko nyuma ya nyumba ya mama, na mchana huo aliniletea ugali wa udaga, ule wa muhogo uliochachushwa, na samaki wadogo wa furu wa kukaanga. Hakuingia. Alisimama mlangoni na sahani yake, akisikiliza.

"Nani amezikwa mgomba?" akauliza.

Nikamwambia hakuna, ni filamu.

"Huo wimbo nimeusikia mara moja tu, kwa wakwe wa mdogo wangu, siku walipomzika shemeji yao aliyepotea ziwani. Hawaupigi ovyo." Akasogea, akaona sura iliyokuwa kwenye kioo cha kompyuta. Akaweka sahani chini, kwenye sakafu, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya na chakula. "Wewe mtoto, umemfanyia nini mdogo wangu?"

Mama Mdogo alikuwa ameshashona kitenge kwa ajili ya Jumapili. Alikuwa amealika jumuiya yake yote ya kanisani, na wazee wa ukoo wa mume wake pia, kwa ubishi wake wa kawaida, wamwone alivyo mzima. Nikawaona akilini wazee wale wamekaa kwenye viti, wimbo unaanza, wanatazamana. Hata mtoto wa dada yako amekubali, wangemwambia; hata yeye ameshamzika. Nami ningekuwa nimemzika ndugu yangu mbele ya watu, mama yake akiwa kiti cha mbele, kwa sababu ya neno moja nililolisema bila kufikiri.

Ungeniuliza kwa nini sikuutoa tu wimbo nikaacha kimya. Niliutoa. Mbuzi akarudi. Nilitazama zile sekunde arobaini za kimya mara nane, na kila mara niliona watu wakikohoa, wakiangalia simu, wakisema filamu ya huyu jamaa imekwama. Naandika hili kwa aibu: pamoja na hofu yote ile, bado nilitaka nisifiwe.

Ijumaa nilirudi Buswahili. Mzee alikuwa anapukuchua mahindi. Nilimwambia alinikosea, kisha nikaona sura yake, nikasema hapana, mimi ndiye niliyekosea.

"Ulisema hayupo," akasema.

"Nilimaanisha hayupo nyumbani."

"Asiyekuwa nyumbani tunasemaga ametoka. Tunasemaga amesafiri. Hayupo ni hayupo, bwana."

Alikuwa sahihi, na nilijua alikuwa sahihi. Mimi mwenyewe mtu akiniuliza habari za baba yangu namjibu hayupo, na wala simaanishi kwamba ameenda sokoni.

"Sasa niambie vizuri," akasema mzee. "Yupo?"

"Hatujui."

Akacheka kidogo, bila ubaya. "Hatujui siwezi kupiga. Wimbo ya hatujui haipo. Wazee walituachia ya aliyekufa, ya anayeoa, ya anayekuja, ya ng'ombe. Hiyo yako hawakutuachia." Akalichukua litungu, akaanza kukaza nyuzi. "Nipe neno moja."

Nilimwambia mzee, si anaweza kupiga tu kitu cha katikati, cha huzuni kidogo na matumaini kidogo. Akanitazama kama mtu aliyeagizwa apike ugali wa maji. Neno moja, akarudia. Basi niliangalia saa, nikawafikiria wazee wa ukoo kwenye viti vyao, nikawaza kwamba neno lolote lisilokuwa lile la kwanza litaniokoa.

"Yupo," nikasema.

Safari hii hakuniambia nivue kofia. Wimbo ulikuwa mwepesi, unaanza kwa mbali, nyuzi nyembamba peke yake, kisha unasogea na kujaa. Alipomaliza alinieleza, na siwezi kusema sikuelezwa. "Hii tunapigaga mtu akishaonekana njiani, kabla hajafika kwenye boma. Wale wa ndani wakisikia wanajua, wanatoka." Nikamshukuru, nikafungasha. Kichwani mwangu kulikuwa na jambo moja tu: kifo kimeondoka kwenye filamu.

Jumamosi niliuweka chini ya uso. Niseme kweli, ulikaa vizuri kuliko wa kwanza. Macho yaleyale yaliyokuwa yamekata tamaa sasa yalikuwa yanaona kitu kwa mbali, kitu kinachosogea. Mama alikuja kusikiliza. Alisema afadhali, lakini hakukaa, na alipotoka aliuliza kama nimezungumza na mdogo wake. Nikasema nitazungumza naye kesho kabla ya kuanza.

Sikuzungumza naye. Nilifika Bunda mapema, nikashughulika na nyaya, nikaziba madirisha ya ukumbi kwa mablanketi na magunia ya pamba mpaka giza likapatikana saa saba ya mchana. Mama Mdogo aliingia na kitenge chake kipya, akanisalimia kwa sauti ili watu wajue tunavyohusiana, akakaa mbele. Wazee wa ukoo walikaa safu ya tatu. Mara mbili nilimwendea ili nimwambie, na mara mbili mtu alikuja kumpa mkono. Nikawashukuru moyoni wale watu walionikatiza. Nikabonyeza.

Dakika kumi za kwanza watu walicheka pale pa kuchekea. Walimtania kwa jina la ukoo kila alipotokea, naye alijibu bila kugeuka. Mimi nilisimama nyuma karibu na spika, jasho likinitoka, nikiwatazama wazee badala ya kuitazama filamu. Ulipofika uso wa mwisho, litungu likaanza kwa mbali. Mzee mmoja akainua kichwa. Wa pili naye. Nikasubiri hasira. Hazikuja. Walikuwa wanashangaa, kama watu waliofichwa habari njema.

Nikashusha pumzi. Nilifurahi kweli, naikumbuka ile furaha, ilidumu muda wa kuhesabu mpaka tano.

Halafu Mama Mdogo akasimama. Nilidhani ameguswa na sura yake, iliyokuwa kubwa ukutani kuliko mlango. Lakini hakuwa anaitazama. Alikuwa amegeuka, ameupa mgongo uso wake na filamu yangu yote, anaangalia mlango wa ukumbi. Safu ya mbele ikageuka naye. Kisha wazee. Kisha ukumbi mzima ukawa umeketi kinyume, unautazama mlango, na litungu linaendelea kusogea na kujaa, kwa sauti niliyoipandisha mwenyewe.

Akatembea katikati ya viti. Alinipita bila kuniona. Akaliondoa blanketi nililolitundika mlangoni, akasukuma milango yote miwili, na jua la saa saba likaingia, likaifuta picha ukutani. Muziki ulibaki peke yake. Nilikimbilia kompyuta nikauzima, na ule ukimya niliokuwa nauogopa tangu Alhamisi ukaja, na hakuna mtu aliyekohoa.

Nilimkuta amesimama uwanjani mwa kanisa, mkono juu ya macho, anatazama barabara ya Mwanza. Magari yalikuwa yanapita, mabasi na malori ya pamba, na kwa kila gari aliinua kidevu kidogo. Sasa nilielewa kwa nini alikubali kuigiza haraka vile. Mimi ndiye mtoto wa mjini, mwenye simu nzuri na watu kila mahali. Alidhani ninajua kitu, na kwamba nimeamua kumwambia kwa heshima, mbele ya ukoo, kama habari kubwa zinavyopaswa kusemwa.

Usoni alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona hata siku moja katika miaka ile sita. Hakuna kamera ambayo ingeipata, na hapakuwa na mbuzi.

"Ulikuwa muziki tu, Mama Mdogo," nikasema. "Ni wa filamu."

"Ndiyo," akasema, bila kuiacha barabara. "Nimeusikia, mwanangu. Anafika lini?"