Alhamisi za Bi Mashavu

Usafi wa Bi Mashavu wa Nyamwage unachosha. Kila Alhamisi, kwa heshima ya Ijumaa, husugua masufuria, viti, mlango, hata jiwe la kukalia uani. Mimi jirani yake nikisikia dodoki linaanza kazi, huingiza viatu vyangu ndani visije vikasuguliwa navyo.

Riziki yake ni bustani ya mchicha nyuma ya msikiti, anayoimwagilia maji yanayotiririka kutoka penye udhu na bafuni. Bwana afya, kijana aitwaye Tahiri, aliyapima akakuta vijidudu vya kuharisha. Hakumkemea. Alimjengea tangi la kuchujia: kokoto chini, changarawe nyekundu ya kunasia vijidudu katikati, mchanga laini juu. Lakini alisema wazi kwamba maji yakiendelea kuwa machafu, bustani itafungwa.

Yakaendelea. Kwa macho yalikuwa maangavu, yakipimwa, vijidudu tele. Tahiri akaanza kuishuku changarawe, Bi Mashavu akaanza kukosa usingizi. Bila mchicha ule wangekula nini yeye na mumewe, na umri wote huo? Roho iliniuma kumwona amenyong'onyea.

Kumbe jibu lilikuwa pale pale uani. Alhamisi moja Tahiri alikuja bila taarifa, akamkuta bibi ametandaza mchanga wa tangi juu ya turubai, povu la sabuni limemfika viwikoni.

“Bi Mashavu! Unafanya nini?”

“Nausafisha, mwanangu. Juu huota utelezi, aibu tupu! Kila wiki nautoa.”

Tahiri alikaa chini, akacheka mpaka machozi yakamtoka. “Utelezi huo ndio unaokula vijidudu! Changarawe hunasa vichache vinavyoponyoka tu. Kila wiki unawafukuza wafanyakazi wako.”

“Wafanyakazi gani wachafu hivyo?” bibi akanuna.

Tangi likafungwa kufuli, ufunguo akapewa mumewe, Bwanaheri. Alhamisi zilizofuata zilikuwa vituko. Bibi alilizunguka tangi, akalisugua nje hadi likang'aa, akamsihi mumewe amfungulie achungulie tu. Mzee akajifanya kiziwi.

Majibu ya vipimo yalipokuja safi, Bi Mashavu alipiga vigelegele hadi kuku wakatawanyika. Bustani imepona! Bwanaheri akatoa ufunguo mfukoni, akampa kwa heshima zote.

Bibi akanyoosha mkono, kisha akaurudisha.

“Kaa nao wewe, mume wangu,” alisema. “Leo Alhamisi.”