Kituo cha Bologna Katika Safari ya Mama Kelvin

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ndogo ya safari pale Rockville, Maryland, huku Marekani, meneja hakunionyesha hata kiti cha kukalia. Alinipa karatasi iliyotoka kwenye kompyuta, yenye mpango wa safari ya mtu, akaniambia nitafute kosa. Ndege kutoka uwanja wa Dulles, karibu na Washington, hadi Roma, inatua asubuhi. Halafu treni ya mwendo kasi kwenda Firenze, inaondoka muda mfupi baadaye. Niliisoma, nikairudia, nikamwambia kila kitu kiko sawa.

Meneja huyo alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mtu wa tai kila siku, hata siku za joto kali. Alitikisa kichwa.

"Dada Rispa, huyu mutu akishuka mu ndege, nani atamusimamia ku mustari wa pasipoti? Sanduku yake nani atangojea? Hii ekra ya kompyuta inasema tu, yenyewe haisafirie. Mutu njo anasafiri."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ambayo vijana wa leo mnaifanyia kwenye simu mkiwa mnakunywa chai. Wengi wenu mnadhani kupanga safari ni kutafuta bei. Kwetu ilikuwa kazi ya kushuku. Tulishuku saa, tulishuku majina, tulishuku hata ramani. Jina la tiketi lisipofanana na la pasipoti, abiria hapandi. Ukinunua ndege mbili kwa tiketi mbili tofauti na ile ya kwanza ikachelewa, kampuni ya ndege ya pili haikujui. Miji ya Italia nayo ilikuwa na mitego yake. Venisi ina stesheni mbili, moja bara na nyingine kisiwani, na mgeni asiyejua hushuka ya kwanza akaanza kutafuta maji asiyaone. Tiketi ya karatasi ya treni ndogo za mkoani ni lazima uigonge kwenye kimashine kabla ya kupanda, la sivyo unatozwa faini. Ile ya mwendo kasi ni ya treni hiyo tu. Ikikuacha, imekwisha.

Nilifurahia pia kuwapangia watu waingie nchi kwa mji mmoja na kutokea mwingine. Unatua Roma, unapanda treni hadi Firenze, kisha Venisi, na kutoka huko unapanda ndege ya kurudi. Hakuna kurudi nyuma kuifuata ndege Roma. Wateja walishangaa, kana kwamba nimewatengenezea barabara mpya.

Baada ya miaka kadhaa Rockville nilihamishiwa tawi la Lanham. Huko msimamizi wangu alikuwa mama Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni. Alikizungumza polepole, kila neno limekamilika, hadi sisi Wakenya tukawa tunaona haya kuchanganya mbele yake. Yeye alinifundisha jambo ambalo meneja wa Rockville hakulitaja.

"Rispa," alisema, "anayelipa ni mtu mmoja na anayesafiri ni mwingine. Wewe mtumikie anayesafiri."

Nilikuwa Lanham alipokuja Mama Kelvin. Tulifahamiana kanisani, na kabla sijaingia kwenye mambo ya safari tuliwahi kuosha wazee pamoja katika nyumba moja ya kuwalelea. Mimi niliondoka, yeye akabaki, akasomea uuguzi, akafanya kazi huko mpaka kustaafu. Mwanawe Kelvin alikuwa ameshanipigia simu akitaka safari ya Italia kama zawadi ya mama, naye angemsindikiza. Nikadhani mama amekuja kushukuru.

Alifunga mlango, akakaa, mkoba mapajani.

"Rispa, hawa watoto wana njama."

"Njama gani, Mama Kelvin?"

"Mimi sijawahi kusema nataka Italia. Nimesema lini? Sasa ghafla, mom unahitaji kupumzika, mom nimesha-book, mom usijali." Akainama karibu. "Wewe umesahau tulikofanya kazi? Umesahau wale wazee walioambiwa wanaenda matembezi? Wanarudi, nyumba imeuzwa, vitu viko kwenye maboksi, wanaletwa kwetu na blanketi moja."

Sikuwa nimesahau. Nilikumbuka bibi mmoja aliyekaa mlangoni na koti lake kila asubuhi, akimngoja mwanawe. Nikamwambia Mama Kelvin kwamba Kelvin si mtoto wa namna hiyo. Yeye akaniuliza nilijuaje, akainuka na mkoba wake.

Alipoondoka nilifungua mpango wa Kelvin na kuusoma kama nilivyofundishwa, nikimwona mtu akitembea ndani yake. Roma ilikuwa sawa. Firenze sawa. Lakini kutoka Firenze kwenda Venisi iko treni ya mwendo kasi ya moja kwa moja, na Kelvin alikuwa ameagiza mama ashuke Bologna, katikati ya njia, akae pale karibu siku nzima, ndipo apande nyingine jioni. Kilichonifanya nisukume kiti nyuma ni tiketi ya Kelvin mwenyewe. Yeye hakuwa anashuka. Yeye alikuwa anaendelea na treni hadi Venisi.

Nikajiuliza ni mtoto gani anayemwacha mama yake peke yake katika stesheni ya nchi ya watu.

Nilimpigia. Kelvin ni wale watoto wanaosikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno yake nayaweka hapa kwa lugha yetu.

"Kelvin, huko Bologna kuna nini?"

"Ni kituo tu, Auntie. Apumzike."

"Apumzike stesheni? Peke yake? Mwanangu, mimi tiketi hii siitoi mpaka uniambie."

Akashusha pumzi. "Auntie Naomi anakaa Bologna. Mdogo wake mama. Atakuwa pale akimngojea. Nikiwepo mimi, mama atanishika mkono aseme twende. Nisipokuwepo itabidi wazungumze. Auntie, please, usimwambie. Akijua, haendi."

Sikujua kama Mama Kelvin ana ndugu hai. Miaka yote ya kanisani sikuwahi kumsikia akimtaja. Nilihisi afueni kwamba nyumba haiuzwi, lakini afueni ile haikudumu. Mtoto aliyekuwa tayari kumtega mama yake kwa wema anaweza kumtega kwa lingine. Nilimtaka amwambie mwenyewe. Akakataa. Nikaenda kwa msimamizi, naye alisikiliza hadi mwisho.

"Kama angekuwa sanduku, tungelipeleka kokote linakotumwa," alisema. "Huyu ni mtu. Mwambie."

Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwa Mama Kelvin, Takoma Park. Alikuwa anamimina chai. Nilimwambia kila kitu, pamoja na jina la Naomi. Aliweka birika chini, akaenda kuosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi.

"Kwa hiyo nilikuwa napelekwa," alisema akiwa amenipa mgongo. "Kama mzigo."

Niliendelea kukaa. Baadaye akakaa pia, akanieleza. Mama yao aliugua kule nyumbani, na madaktari wakapendekeza upasuaji. Yeye, akiwa muuguzi huku Maryland, alisoma vipimo akasema moyo wa mama hautahimili dawa ya usingizi, asipasuliwe. Naomi alikuwa ndiye aliyekaa na mama. Naomi alimpeleka hospitali bila kumwambia dada yake. Mama hakuamka.

"Nilimwambia kwenye simu, wewe ndiye umemuua. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Akaenda Italia kufanya kazi za kulea wazee, kama sisi." Akanitazama. "Na bado nayasema. Nifutie Bologna, Rispa."

Nikafuta. Nikampa treni ya moja kwa moja, yeye na mwanawe viti viwili vya pamoja. Lakini nilimweleza, maana abiria ana haki ya kujua, kwamba hata ile ya moja kwa moja hupitia Bologna na kusimama hapo dakika chache.

"Dakika chache si kitu," alisema. "Nitafumba macho."

Kelvin hakunisamehe. Aliniambia kwamba nimeharibu jambo nisilolijua, na huenda alikuwa na haki ya kusema hivyo.

Siku ya treni hiyo nilikuwa nimefika tu ofisini, kule Italia jua likiwa tayari liko juu, simu ikalia. Kelvin, sauti imempotea.

"Auntie, mama ameshuka! Alisema anaenda msalani. Milango imefungwa, nimemwona amesimama nje, treni inaenda. Sanduku lake niko nalo mimi. Simu hashiki."

Nilimwambia aendelee hadi Venisi, ashuke ile stesheni ya kisiwani, asisogee. Halafu nikakaa. Kazi hii inakufundisha kufikiria kila baya linaloweza kumpata mtu safarini, na asubuhi ile yote yalinijia. Nilimwona Mama Kelvin akipotea kwenye ngazi za stesheni. Nilimwona Naomi asiyekuja, kwani nani angemwambia aje wakati nilishafuta kituo? Nilishuku hata kwamba Kelvin ananidanganya. Msimamizi aliniletea kahawa, sikuigusa.

Adhuhuri ya Lanham simu ikalia tena. Nyuma kulikuwa na sauti ya mwanamke akibisha kwa Kiluhya, haraka haraka.

"Rispa, ni mimi. Ngoja. Naomi, hebu nyamaza niongee na mtu!"

"Mama Kelvin! Umefikaje hapo?"

"Nilimpigia jana kutoka Firenze. Namba niliichukua kwenye simu ya Kelvin akiwa amelala. Nilimwambia nitapita, sikumwambia nitashuka. Treni iliposimama nikafungua macho kidogo tu. Alikuwa amesimama pale nje anatazama dirisha moja baada ya jingine. Rispa, amezeeka. Anatembea na fimbo. Amekuwa sura ya mama kabisa." Niliposikia anapumua kwa kwikwi nikajua analia. "Tumegombana tangu nishuke. Watu wanatutazama. Anasema mama mwenyewe ndiye aliyeomba kupasuliwa, na ndiye aliyemkataza kuniambia."

"Unamwamini?"

"Sijui. Hiyo tiketi yangu ya treni bado inafanya kazi?"

"Hapana. Ilikuwa ya treni ile tu. Kuna nyingine jioni, nikukatie?"

Nilimsikia akigeuka, akiuliza jambo, akijibiwa kwa ukali.

"Nikatie ya kesho," alisema.

"Ya asubuhi?"

"Ya jioni, Rispa. Ya mwisho kabisa."

Baadaye kampuni ilifunga ofisi zake, nikafanya kazi nyumbani kwa muda, kisha nikastaafu. Vijana mnaniuliza kama kazi hii ina maana tena. Sina jibu la kuwafurahisha. Mashine inapata treni haraka kuliko nilivyoweza mimi, na haichoki. Ila haitakupigia simu kukuuliza kwa nini unamshusha mama yako Bologna. Mtu akikupangia jambo zuri mno, uliza. Uliza hata kama anakupenda. Mimi bado nauliza, na wajukuu wangu wananiona msumbufu.

Juzi Mama Kelvin alinipigia. Naomi, ambaye sasa ana pasipoti ya Italia, anakuja kumtembelea kupitia Frankfurt, na Mama Kelvin alitaka niipitie ile ratiba ndege kwa ndege.

"Basi mmeshapatana," nikamwambia. "Sasa unamwamini."

"Nani? Simwamini hata kidogo," alisema. "Kila Jumamosi ananieleza habari ya mama kwa namna nyingine. Angalia hiyo Frankfurt vizuri, Rispa, muda wa kubadilisha ndege uwe mrefu. Na kwa ile fimbo yake, waambie watu wa ndege atahitaji kiti cha magurudumu. Kelvin anataka kwenda kumpokea Dulles. Nimemkatalia. Nitakwenda mwenyewe."