Donge la Udongo na Sikio la Mbuzi

Kabla sijaanza, cheka. Cheka sasa umalize kabisa, kwa sababu hii hadithi inanionyesha mimi mjinga mwanzo mpaka mwisho, na hakuna mahali nitajitetea.

Juzi tairi ya tuktuk yangu ilipasuka hapa Garissa, karibu na soko ya mifugo. Fundi akatoa tyubu kuukuu, akaikata vipande virefu vya kufungia mizigo. Ile harufu ya mpira uliochomwa na jua ikanibeba mpaka Balambala, niko na miaka kumi, magoti meupe kwa vumbi, manati shingoni kama mkufu wa bibi harusi. Fundi ananiuliza, "Kaka, uko sawa?" na mimi niko mbali, nimefunga pumzi, nalenga.

Mwaka huo mama alikuwa amelazwa Garissa. Mimi na mdogo wangu wa miezi saba tukapelekwa Balambala kwa ayeeyo, nyanya yetu. Kiangazi kilikuwa kimeng'ata. Mbuzi wote walikuwa wamekauka isipokuwa mmoja, mweupe, na maziwa yake yalikuwa ya yule mtoto peke yake. Sisi wengine tulikunywa chai nyeusi, ayeeyo akiijaza iliki ndio ulimi usahau kuuliza maswali. Kila asubuhi niliamshwa na maziwa yakipiga ndani ya chombo, chwii, chwii, na ayeeyo akimwimbia mbuzi polepole. Alimwacha mtoto wa mbuzi anyonye kwanza, kisha yeye anakamua. Alikuwa akisema, "Mbuzi hakupi wewe maziwa. Anampa mtoto wake, wewe unaiba tu." Mtoto wa mbuzi akifa, mama yake anafunga maziwa, hata umwimbie mpaka sauti ikauke.

Kazi yangu mimi ilikuwa moja. Mbuzi wakubwa wakienda malishoni, watoto wao wanabaki kwa zizi la miba, na mimi nawachunga. Kuchunga kwenyewe ni kuvuta tawi la miba mlangoni na kukaa. Kazi hiyo hata kuku angeiweza.

Lakini akili yangu ilikuwa kwa manati. Na wa kulaumiwa ni mwalimu wetu, mtu wa bara. Siku moja, badala ya hesabu, alitusimulia kuhusu gobore ya babu yake, ile bunduki ya zamani ya kushindilia baruti na risasi kwa mdomo. Akasema, ukiweka baruti nyingi ukidhani ndio nguvu, gobore inakupiga teke na risasi inaenda kusalimia mawingu. Ukiweka kidogo, inaanguka hapo mbele kama mate. Babu yake alipima baruti kwa kijiko kilekile kila mara, na risasi alizichagua moja moja kama mtu anachambua maharagwe. "Mkono haulengi," mwalimu akasema. "Kinacholenga ni kipimo."

Walahi, hiyo ndiyo hesabu pekee iliyoniingia.

Mpaka siku hiyo tulikuwa tunarusha jiwe lolote. Jiwe bapa linakata kona hewani, jiwe lenye pembe linapiga mluzi na kupotea. Nikaenda mtoni, nikaleta udongo mzito. Kifuniko kimoja cha soda kikijaa mpaka mdomo, hilo ni donge moja. Nalifinyanga, nalikausha kwa jivu siku mbili, na likipasuka natupa. Halafu napeleka kwa mizani ya mwenye duka, donge huku, donge huku, nione kama yanalingana.

"Waryaa, wewe kijana!" mwenye duka alipiga kelele. "Hiyo ni mizani ya sukari, si ya matope!"

"Sukari yenyewe ina mchanga, mzee wangu. Hawa ni ndugu."

Nilitoka hapo mbio, lakini madonge yangu yalikuwa sawa. Nikajifunza kuvuta mpira mpaka mahali pamoja tu, chini ya sikio, na kuachilia pumzi ikiwa nusu. Baada ya wiki mbili nilikuwa naangusha mkebe kwa hatua thelathini, na mdomo wangu ukawa mkubwa kuliko mkebe. Nikamtangazia binamu yangu kwamba nitaleta sagaaro, yule paa mdogo wa msituni, na ayeeyo atapika nyama. Kuwinda ni makosa, hata wakati huo ilikuwa makosa, lakini mtoto wa miaka kumi sheria anaisikia kama habari za redio.

Binamu alitaka nitumie gololi ya chuma aliyotoa kwa bearing ya lori. Nikakataa. Chuma kinaua papo hapo, na mnyama akifa kabla ya kisu ni nyamafu, hata ukilia hawezi kuliwa. Mimi nilitaka kumlaza, nimkute anapumua, nimchinje kihalali. Donge la udongo linalaza. Unaona vile nilikuwa na akili? Akili yote ilienda huko.

Jioni moja baada ya swala ya alasiri tukaingia kwenye mathenge, ile miti ya miba iliyojaa kila mahali. Mfukoni madonge sita, kiunoni kisu cha ayeeyo ambacho sikuomba. Nyuma ya kichaka nikaona mgongo wa kahawia na masikio mawili. Nikavuta mpaka chini ya sikio. Nusu pumzi. Tap! Akaanguka.

"Umeua!" binamu akasema.

"Sijaua, nimelaza!"

Nikakimbia, nikamgeuza kibla, bismillahi iko kwenye ulimi. Nikashika kichwa. Kidole kikagusa sikio la kushoto, na sikio lilikuwa na mapengo mawili.

Mapengo mawili sikio la kushoto ni alama ya ayeeyo. Hilo sikio nililishika mimi mwenyewe siku alipolikata. Huyu alikuwa mtoto wa mbuzi mweupe, yule aliyefuata rangi ya baba yake. Na hapo ndipo nikakumbuka tawi la miba, vile nililivuta kando nikitoka mbio na sikulirudisha.

"Chinja!" binamu alikuwa anaruka juu na chini. "Chinja haraka, akifa hivi ni nyamafu! Tutasema alivunjika mguu."

Alisema kweli. Nikichinja, kuna nyama halali leo, lakini kesho chombo kitakuwa kimya na mdogo wangu atalia. Nisipochinja na afe, hakuna nyama, hakuna maziwa. Nikasikia kichwani ile chwii, chwii. Nikatupa kisu.

Nikammwagia maji ya kibuyu cha binamu, nikampulizia puani, nikamwahidi Mungu vitu ambavyo mpaka leo sijamaliza kulipa. Binamu akaanza kusoma sura zote anazojua, na anajua tatu. Halafu lile sikio lenye mapengo likacheza. Akanipigia chafya usoni, kamasi na yote. Mimi nakwambia, sijawahi kupakwa manukato kama hayo.

Tukambeba nyumbani. Mama yake alipofika akamnusa, na yeye, miguu bado inayumba kama mtu ametoka kwa lori, akaingia chini akanyonya, mkia ukicheza. Ayeeyo akakamua. Chwii, chwii. Nililia nyuma ya pipa la maji, kwa sauti ya chini, kama mwanaume.

Ayeeyo akampapasa yule mtoto wa mbuzi kichwani. Vidole vikatoka na vumbi la udongo. Akanusa, akatazama mfuko wangu uliovimba. Mama alirudi mzima mwezi uliofuata, na mpaka siku hiyo maziwa hayakukatika.

Siku hizi sukari inakuja kwa pakiti, mizani ya duka imeota kutu. Watoto wanalenga kwa simu, ukiwauliza tofauti ya jiwe bapa na jiwe la mviringo wanakuangalia kama wewe ndio jiwe. Mdogo wangu amenipita urefu. Ayeeyo tulimzika Balambala, Mungu amrehemu. Fundi aliniachia kipande kimoja cha tyubu, nimekifunga kwenye usukani.

Lakini asubuhi ile, kesho yake baada ya mimi kumlaza mtoto wa mbuzi, ayeeyo aliweka maziwa kidogo kwenye chai yangu, mara ya kwanza kiangazi kile. Akanipa kikombe, akakaa, akaniangalia nikimeza.

"Mkono wako umesoma," akasema. "Sasa peleka na macho shule. Lakini kwanza nenda ukafunge zizi, umeliacha wazi tena."