Mgonjwa Niliyemwomba Mwenyewe

Mimi nilikuwa nesi wa mikataba. Wiki kumi na tatu hospitali hii, kumi na tatu ile, na kote ni wodi za mahututi. Wenyeji humpa mgeni mgonjwa ambaye wao wamemchoka, lakini sikulalamika. Nilikuwa nimepanga chumba Wheaton, huku Marekani, nalipwa vizuri, na kazi niliipenda mno, ila sikumwambia mtu.

Asubuhi moja nikasikia kuna mzee wa Tanga, katolewa mashine ya kupumulia juzi yake, Kiingereza cha kuokoteza. Alikuja kumtembelea mwanawe Gaithersburg, mji wa jirani, nimonia ikamwangusha. Mbio kwa nesi kiongozi: "Huyo nipeni mimi, ni wa kwetu!" Kiherehere changu hicho.

"Shikamoo, baba."

Machozi yakamlengalenga. "Marahaba, mwanangu!"

Tukaizungumza Tanga yote, hadi bei za sokoni. Kisha nikasogeza beseni la maji ya moto nimwogeshe. Mzee akaing'ang'ania shuka kwa mikono miwili.

"Ah, hapana. Hilo hapana."

"Baba, mimi ni nesi."

"Wewe ni binti yangu. Binti hamwogeshi baba yake."

Jana yake nesi wa Kimarekani alimwogesha, mzee yuko macho kabisa, wala hakusema neno! Mimi na salamu yangu ndio tulioharibu. Nikabembeleza, nikatania, nikakasirika kimoyomoyo. Jamani, mzee mbishi! Na si usafi tu. Chini ya mgongo ngozi ilishaanza kubadilika rangi kwa kulala sana. Asipogeuzwa na kukaushwa, kidonda kingefunguka, na kwa hali yake kidonda kingeweza kumrudisha kwenye mashine. Kugeuzwa nako akakataa.

Nikaenda kumwomba mwenzangu, nesi mwanamume wa Kifilipino, tubadilishane wagonjwa. Niliona aibu, nakwambia. Wagonjwa wa kila taifa wamenikubali, wa kwetu ndiye ananikataa! Nikabaki nje ya pazia natafsiri.

"Anasema ugeukie kushoto, baba."

"Mwambie maji yamepoa."

Ndani nikasikia wanacheka, sijui kwa lugha gani.

Mchana nikapita mlangoni pake. Amekaa kitini, amepakwa mafuta, mto mgongoni. Mwenzangu alishaniambia ngozi haijachanika, na moyo wangu ulikuwa umetulia, ila uso nilikuwa bado nimeukunja. Nikajifanya nina haraka. Mzee akaniita, akanishika mkono.

"Umeninunia?"

"Hapana, baba."

"Umenuna, nakuona. Sikiliza. Wa kuniogesha humu wamejaa. Wa kuniita baba nina wewe tu. Nikikuacha uniogeshe, nitabaki na nani?"